Saa ya Kujifunza Ihesabiwe Kuwa Saa ya Kazi

Baada ya sensa ya watu na makazi iliyofanyika Tanzania mwezi Agosti mwaka 2022, vishikwambi ambavyo makarani walivichukua nyumba kwa nyumba kuandikia habari za kila kaya havikuachwa ghalani viingie vumbi, bali serikali iliamua kuwagawia walimu, ili chombo kilichokwisha kuhesabu umma kiwe sasa chombo cha kuwaelimisha wale wanaowaelimisha watoto wa umma huo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na anayeubeza hana insafu. Mwalimu wa shule iliyo mbali na makao ya wilaya, ambaye zamani aliweza kufundisha miaka mingi pasi na kuitwa katika semina hata moja, kwa kuwa nauli haikupatikana au kwa kuwa nafasi zilikwisha kuchukuliwa na walio karibu, leo anaweza kuketi katika ofisi ya walimu, akafungua masomo yaliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, akajifunza njia mpya ya kufundisha hesabu za sehemu, na kesho yake asubuhi akaijaribu mbele ya wanafunzi wake.

Lakini chombo ni nusu ya jambo, na nusu ya pili, ambayo haiuzwi dukani wala haigawiwi katika hafla, ni wakati. Rai ninayoileta mbele ya wasomaji ni kwamba mafunzo ambayo mwajiri anayataka kwa manufaa ya kazi yake sharti yafanyike ndani ya saa za kazi anazozilipia, na kwamba teknolojia, ambayo imerahisisha mno kumpelekea mtu masomo popote alipo, isifanywe sababu ya kuyasukuma masomo hayo hadi usiku, sebuleni na jikoni kwa mfanyakazi, kwa bando alilolinunua kwa fedha yake mwenyewe.

Semina ya zamani, pamoja na gharama zake na upungufu wake mwingi, ilikuwa na fadhila moja ambayo hatukuitambua mpaka ilipoanza kutoweka. Ili mtu ahudhurie semina ilibidi aondoke kituoni. Ili aondoke ilibidi apewe ruhusa kwa maandishi. Na kwa kutoa ruhusa hiyo mwajiri alikuwa anakiri, apende asipende, kwamba siku ile ya kujifunza ni siku ya kazi kama zilivyo siku nyingine. Leo somo limeingia mfukoni, haliombi ruhusa ya safari wala kitanda cha kulala, na kwa sababu hiyo ule ukiri wa mwajiri nao umepotea kimyakimya. Ujumbe huja jioni katika kundi la simu la wafanyakazi, ukiwa na kiungo na agizo kwamba kila mmoja awe amemaliza somo kabla ya Jumatatu, na hapana mtu anayeuliza ni saa ipi, kati ya kutoka kazini na kulala, iliyotengwa kwa ajili ya agizo hilo. Kumpa mfanyakazi chombo bila kumpa saa ni sawa na kumkabidhi nahodha jahazi zuri kisha kumwamuru ang'oe nanga maji yakiwa yamekupwa.

Nchi hii iliwahi kulifahamu jambo hili na kulitenda, tena katika siku za dhiki, na kwa teknolojia ambayo kijana wa leo angeiona duni. Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala wakati ule, ikikutana Musoma, iliazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo mipango ya awali ilitarajia kuifikia mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Hesabu ya walimu waliohitajika ilikuwa ya kutisha, kwani ilikuwa ni makumi ya maelfu, na vyuo vya ualimu vilivyokuwapo, hata vingejazwa pomoni, visingeweza kuwatoa kwa muda ule. Basi likachukuliwa shauri ambalo wengi walilishuku: vijana waliomaliza darasa la saba wachaguliwe, wapelekwe moja kwa moja katika shule za vijijini, wafundishe, na papo hapo wafundishwe.

Vyombo vya kuwafundishia vilikuwa posta, kitabu cha masomo kilichopigwa chapa, redio, na miguu ya mkufunzi aliyezunguka kutoka shule moja hadi nyingine. Mafunzo yalichukua miaka 3. Kijana alisoma somo lililoletwa kwa posta, akajibu maswali yake na kuyapeleka yakasahihishwe. Alisikiliza kipindi cha redio kilichofuatana na somo lile. Alikaa na mkufunzi wake kulizungumza lililomtatiza. Kisha, mafunzo yakikaribia ukingoni, aliingia chuoni kwa muda wa wiki 6 hivi, akafanya mtihani wake na kutahiniwa namna anavyofundisha. Baina ya mwaka 1976 na 1984 walimu karibu 38,000 walipatikana kwa njia hiyo, na sijui mpango mwingine wa mafunzo kazini katika Afrika ya zama zile uliobeba uzito wa kadiri hiyo kwa mali kidogo namna ile.

Lipo jambo moja katika mpango ule ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Kijana yule hakupewa mzigo wote wa mwalimu kisha akaambiwa ajisomee atakapopata nafasi. Alifundisha vipindi vichache kwa wiki, chini ya uangalizi wa walimu waliomtangulia, na muda uliosalia katika siku yake ulikuwa wa masomo, umeandikwa hivyo katika mpango wenyewe, hata mwalimu mkuu aliyemwona kijana ameinamia kitabu chake mchana hakuwa na haki ya kumwita mvivu. Wakati ule ulitengwa na nchi maskini, iliyokuwa na haja kubwa ya kila mwalimu darasani, kwa kufahamu kwamba mtu hawezi kuwa mwanafunzi na mwalimu kwa nguvu zilezile katika saa ileile. Mashirika ya leo, yenye mitambo na mishahara na maofisa wa rasilimali watu, mengi yao hayajaufikia ufahamu huo.

Sitaficha kwamba jina la mwalimu wa UPE, kama mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote ulivyoitwa kwa kifupi cha Kiingereza, lilikuja kuwa la dharau vinywani mwa watu, wala sitadai kwamba dharau hiyo ilitoka hewani. Vijana wale waliingia kazini wakiwa wadogo na wenye elimu ndogo. Redio ilipokosa betri, kipindi kilipita hewani bila msikilizaji. Na ilipokuja taabu ya uchumi baada ya vita vya Kagera, vitabu, mafuta na vipuri vikawa adimu, mkufunzi naye akawa haonekani mara kwa mara. Lakini mwenye kutafakari ataona kwamba upungufu huo karibu wote ulikuwa ni wa vitu, yaani wa zana, wa usafiri, wa karatasi, wala haukuwa wa kanuni. Sisi leo tumefikia kinyume chake. Zana tunazo, sauti na picha husafiri kwa dakika moja kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, msahihishaji anaweza kumjibu mwanafunzi siku ileile, na ile kanuni iliyokuwa thabiti, ya kukata sehemu ya kazi ili kuipisha elimu, ndiyo tuliyoiacha njiani.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano wao, na ni wa karibu zaidi. Sehemu kubwa ya wauguzi wa nchi ile walikuwa wenye cheti, waliofunzwa kwa maradhi na matibabu ya zama zilizopita, na taifa lilitaka wafikie daraja la stashahada. Idadi yao ilikuwa kama 22,000. Kuwaita vyuoni wote hawa kungezifunga zahanati, na kuwachukua wachache wachache, kama wenye mpango walivyokadiria, kungechukua zaidi ya miaka 100. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, ikishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, ilianza kuwasomesha kwa kompyuta, katika vyumba vilivyowekwa vyuoni na hospitalini sehemu mbalimbali za nchi, na muuguzi akabaki katika kituo chake, akihudumia wagonjwa wake na huku akisoma. Muda wa miaka 5 uliokusudiwa haukutosha, lakini maelfu waliupata ujuzi ambao kwa njia ya zamani wasingeuona mpaka kustaafu, na baadaye masomo yakahamia simuni. AMREF ilikwenda mbele zaidi kwa mpango wake uitwao Leap, unaowafundisha wahudumu wa afya wa jamii kwa ujumbe mfupi na kwa sauti, hata mwenye simu ya kitochi asiachwe nje. Kwa hilo nawapa heko kwa moyo mweupe, maana wengi wa wanaobuni mafunzo ya simu hubuni kwa ajili ya simu waliyonayo wao wenyewe.

Hata hivyo tumtazame muuguzi mwenyewe. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, aliyezalisha, aliyefunga vidonda, aliyefumba macho ya maiti na kuwafariji wafiwa, akiambiwa kwamba sasa kompyuta iko wazi na aingie asome elimu ya dawa, anapewa haki ambayo mwili wake hauna uwezo wa kuipokea. Mwenye kumjali atampunguzia zamu moja katika juma, aiandike katika orodha ya zamu kuwa ni ya masomo, na amtafute wa kukaa mahali pake wodini. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya mafunzo kazini. Kompyuta ni sehemu ndogo ya gharama hiyo, na kwa kuwa ndiyo inayoonekana na kupigwa picha, huwa yalipiwa kwanza, na mara nyingi huwa yalipiwa peke yake.

Kuna namna nyingine ya kujifunza kazini, ambayo naiona kuwa bora kuliko zote, nayo ni ile ambayo somo na kazi ni kitu kimoja. Zanzibar, katika mpango wa Jamii ni Afya ulioanzishwa mwaka 2019 na Wizara ya Afya pamoja na shirika la D-tree, na ambao ulienea Unguja na Pemba, mhudumu wa afya wa kujitolea huenda nyumbani kwa mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga akiwa na simu iliyo na programu ya kumwongoza. Programu humwambia la kuuliza, humkumbusha dalili za hatari, na jibu la mama likionyesha jambo la kuogofya, humwelekeza ampeleke kituoni. Mhudumu yule hakulazimika kuacha kazi ili ajifunze, wala kungojea usiku. Ziara ya kwanza humfundisha, ya kumi humzoeza, na kila aendapo mlangoni kwa watu huingia akiwa na mwalimu mkononi.

Lakini hata hapa wakati haukwepeki. Programu inayomwambia mtu la kufanya inaweza kumwezesha afanye sawasawa bila kuelewa kwa nini, na siku simu inapozimika, au mama anapouliza swali ambalo mtunga programu hakuliwazia, aliyezoea kufuata huduwaa. Ufahamu wa sababu hauji kwa kubonyeza. Huja watu wanapokaa pamoja baada ya ziara, wakasimuliana, huyu akasema nilikuta hivi, yule akasema mimi nilifanya vile nikakosea, na aliye mjuzi kati yao akafafanua. Kikao cha namna hiyo kinahitaji saa mbili za mchana, kivuli, na wenyewe wawe hawana mahali pengine wanapotakiwa. Kwa upande wa walimu, mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, umeliona hilo, kwani umeifanya shule yenyewe kuwa mahali pa kujifunzia na umeagiza ziwepo jumuiya za kujifunza ambamo walimu hukaa pamoja kuzungumza masomo yao. Naiona sehemu hii ya mpango kuwa ya thamani kuliko vishikwambi, na ndiyo iliyo rahisi kufa, kwa kuwa mwalimu mwenye madarasa yaliyofurika na rundo la madaftari ya kusahihisha ataiacha jumuiya kabla ya kuliacha darasa, na hapana wa kumlaumu.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na imeamuru kwamba saa inayozidi hapo ilipwe kwa kiwango kilicho juu ya mshahara wa kawaida. Ikiwa karani wa benki ameamriwa ajifunze taratibu mpya za kuwatambua wateja, na kwamba asipofaulu jaribio hataruhusiwa kukaa dirishani, basi je, kujifunza kwake ni hiari? Amri imetoka kwa mwajiri, faida inakwenda kwa mwajiri, adhabu ya kutotii iko mikononi mwa mwajiri; kitu kilichobaki kwa mfanyakazi ni saa zake za kupumzika, nazo ndizo zinazotolewa. Mimi si hakimu, lakini kwa dhamiri yangu sioni namna saa hizo zinavyoweza kuitwa jina jingine lolote isipokuwa kazi, na ningependa kuona vyama vya wafanyakazi vikilifikisha jambo hili mezani pindi mikataba ya hali bora inapojadiliwa, badala ya kuliacha kuwa nung'uniko la korido.

Wanaoumia zaidi na desturi hii ni wanawake, na jambo hili halizungumzwi inavyostahili. Mwanamume anaporudi nyumbani, katika nyumba nyingi za kwetu, huweza kupata pembe ya kukaa na simu yake. Mkewe, ambaye naye ametoka kazini, anaingia katika kazi ya pili, ya chakula, ya watoto, ya mgonjwa aliye ndani, ya maji ya asubuhi. Mafunzo yanapohamishiwa usiku, mashindano ya vyeti na madaraja yanakuwa baina ya mtu mwenye usiku wake na mtu ambaye usiku wake umekwisha kuchukuliwa. Miaka ikipita, tutatazama orodha ya wakuu wa idara na kustaajabu kwa nini majina ya wanawake ni machache, ilhali tuliyaondoa wenyewe, jioni baada ya jioni, pasipo kukusudia.

Najua hoja za waajiri, na si zote zilizo za kupuuzwa. Mwenye karakana ya watu 6 husema kwamba akimtoa fundi mmoja saa mbili, kazi ya mteja inalala, na mteja hakubali kungoja ili fundi aelimike. Huyu namwonea huruma, naye astahili kusaidiwa kwa ile fedha ambayo waajiri hutozwa kwa ajili ya ufundi: Tanzania waajiri hutozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na Kenya kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Fedha hiyo ilikusudiwa kujenga ujuzi, na kumfidia fundi mdogo kwa saa alizozitoa kwa elimu ni kujenga ujuzi kuliko kuongeza ukuta mwingine. VETA nayo, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, kwa mpango wake wa VSOMO uliozinduliwa mwaka 2016 pamoja na kampuni ya Airtel, imekwisha kuonyesha kwamba nadharia ya ufundi yaweza kusomwa simuni na vitendo vikafanyiwa kituoni, kwa hiyo saa zinazohitajika kumtoa mtu karakanani si nyingi kama zamani.

Ama yule mwajiri mkubwa asemaye kwamba akimfunza mtu atamkimbia, huyo hoja yake siikubali. Wafanyakazi huwakimbia wanaowachosha na kuwadumaza kwa wepesi zaidi kuliko wanavyowakimbia wanaowakuza. Na hata akiondoka, mwenzake aliyefunzwa mahali pengine naye atakuja, kwa kuwa soko la kazi la nchi ni moja na kila anayefunza huwafunzia wote. Atakayekataa kufunza, akingoja kuokota waliofunzwa na wengine, anakula akiba asiyoiweka.

Nataka pia kusema neno juu ya kumbukumbu ambazo programu hizi hujiandikia. Chombo kinajua mtu alifungua somo saa ngapi, alikaa nalo dakika ngapi, na alikosea swali lipi mara ngapi. Habari hizo zikimfikia mkufunzi zinamsaidia, kwa kuwa anaona mahali ambapo wengi wamekwama. Zikimfikia anayeamua nani apunguzwe kazini, zinaua elimu yenyewe, maana hapana ajuaye kujifunza bila kukosea, na mtu akijua kwamba kosa lake limeandikwa na litasomwa na anayemlipa mshahara, ataomba jibu kwa mwenzake na kulinakili. Kila taasisi iamue mapema, kwa maandishi yaliyosomwa na wafanyakazi wote, nani ataziona kumbukumbu hizo na nani hataziona.

Ninalolitaka litendeke si kubwa wala halingojei bajeti mpya ya vyombo. Mwalimu mkuu anapopanga ratiba ya muhula, jumuiya ya kujifunza iandikwe humo kwa siku na saa, kama linavyoandikwa somo la Kiswahili, na vipindi vya wahusika vihamishwe ili wakutane. Muuguzi mfawidhi aandike zamu ya masomo katika orodha ya zamu, akitaja jina la atakayekaa wodini. Meneja wa benki, wa kiwanda au wa hoteli aseme, katika agizo lilelile linalobeba kiungo cha somo, ni saa ipi ya kazi iliyotengwa kwa ajili yake na bando litalipwa na nani. Na ikiwa hana la kuandika katika nafasi hiyo, basi alizuie agizo lake mpaka atakapokuwa nalo. Wakaguzi wa kazi, ambao huingia maofisini wakauliza habari za mikataba, likizo na vifaa vya usalama, waongeze swali moja katika fomu zao: mafunzo ya lazima hufanyika saa ngapi?